SOMO: Kuvifanya vifuko vya polima vipumue kwa gesi

Wadau, kupumua hapa ni kifuko kuvimba na kurudi. Polima (mnyororo mrefu wa molekuli) yenye amini, yaani kikundi chenye nitrojeni kinachopokea protoni, hubadilika umbo hata kwa asidi ya kawaida. Kero yake ni kwamba ukitia asidi, kisha alkali ya kuirudisha, kila mzunguko unaacha chumvi ndani. Kaboni dayoksaidi ikiyeyuka majini ni asidi unayoweza kuifukuza kwa mapovu ya gesi nyingine tu.

Hatua ya 1. Tafuta mnyororo wa vipande viwili: PEO, inayopenda maji, na PDEAEMA, yenye amini. PEO ikiwa fupi, unaelekea kupata vifuko vyenye maji ndani. Ikiwa ndefu, vitufe vilivyojaa. PDEAEMA iwe na vikundi vichache vinavyoshikana kwa mwanga wa urujuanimno. Wengi huruka hili, halafu wanakuja kuuliza.

Hatua ya 2. Yeyusha kwenye tetrahaidrofurani (kiyeyushi kinachochanganyika na maji), koroga, dondoshea maji tone kwa tone. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Kuna tone moja litakaloanzisha ukungu mweupe wenye samawati kwenye myeyusho uliokuwa angavu: minyororo imeanza kujipanga. Ondoa tetrahaidrofurani kwa mfuko wa utando unaopitisha molekuli ndogo tu, pH ikiwa juu ya 8, kisha mulika kwa urujuanimno ili kuta zishikane.

Hatua ya 3. Pitisha kaboni dayoksaidi taratibu. Amini inapokea protoni, inapata chaji chanya, minyororo inasukumana na kunywa maji, ukuta unavimba. Nitrojeni au agoni, pamoja na joto kidogo, huurudisha. Ukubwa upime kwa mtawanyiko wa mwanga, macho yanadanganya.

MASWALI

– Mkuu, baada ya gesi ukungu wangu umepotea wote. Nimeharibu?
Hujaharibu. Kuta hazikushikana, kwa hiyo minyororo imeyeyuka mmoja mmoja. Nitrojeni itarudisha ukungu, ila usitegemee vifuko vilevile.

– Kila mzunguko chupa inapungua maji.
Gesi kavu inayabeba. Ipitishe kwanza kwenye chupa ya maji matupu.

– Kwa nini tusitumie amidini, ile jamaa ya amini yenye nitrojeni mbili? Nasikia ndiyo ya kwanza kupumua.
Ni kweli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, walionyesha vifuko hivyo mwaka 2011. Amidini ni besi kali zaidi, hivyo inaitikia hata gesi ikiwa kidogo sana. Lakini maji huivunja polepole. Ya kujifunzia, mimi nabaki na PDEAEMA.

– Hewa ya kawaida badala ya nitrojeni?
Kwa PDEAEMA utafika, polepole. Hewa yenyewe ina kaboni dayoksaidi, kama asilimia 0.04, na amidini inaihisi.