Kupanga Windo la Kwanza la Choroa katika Jangwa la New Mexico Bila Kukodi Mwongozaji

Januari iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu, mzaliwa wa Tanga anayeishi El Paso, katika windo lake la kwanza la choroa. Miezi kumi kabla ya hapo alinipigia simu karibu kila wiki akiuliza hili na lile, na maswali yake ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Mimi naishi Las Cruces, nimewinda huku kwa miaka kadhaa, na windo langu la kwanza liliharibika kwa kosa nitakalolieleza kwa kirefu kwenye hatua ya pili.

Choroa wa huku si yule wa Mkomazi wala wa Samburu. Ni choroa wa Kalahari, mkubwa zaidi, mwenye uso wa mistari myeusi na myeupe na pembe zilizonyooka kama mikuki. Kati ya 1969 na 1977 idara ya wanyamapori ya jimbo la New Mexico iliwaachia choroa wasiofika 100 katika bonde la Tularosa, kwenye uwanja wa makombora wa White Sands. Kwao Kalahari kuna simba. Huku hawakumkuta adui wa kuwapunguza, nao huzaa mwaka mzima. Wameongezeka hadi wakaanza kuvuka mipaka ya uwanja huo wa jeshi, na ndiyo maana jimbo hutoa leseni za kuwawinda nje ya uwanja, kila leseni kwa kipindi cha karibu mwezi mmoja. Windo hilo la nje ndilo ninalolizungumzia hapa. Lile la ndani ya uwanja husimamiwa na jeshi, lina taratibu zake, na leseni zake nyingi mtu huzipata mara moja tu maishani.

Hatua ya kwanza: leseni

Maombi hupelekwa kwa mtandao kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo, na mwisho wake huwa mwezi wa Machi. Wanaopata huchaguliwa kwa kura. Utalipa ada yote wakati wa kuomba, kisha urudishiwe ada ya leseni usipobahatika. Hakuna pointi zinazolimbikizwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayeomba mara ya kwanza ana nafasi sawa na aliyeomba kwa miaka ishirini. Lakini sheria inatenga asilimia 84 ya leseni kwa wakazi wa jimbo, asilimia 10 kwa waombaji waliokodi mwongozaji, wawe wakazi au wageni, na asilimia 6 kwa wageni wasio na mwongozaji. Jamaa yangu, kwa kuwa anaishi Texas, alikuwa katika hiyo asilimia 6.

Unaruhusiwa kuchagua vipindi vitatu. Chagua miezi ya baridi, Desemba hadi Februari, hata kama wengine wote wanaitaka. Nyama ya mnyama mwenye uzito wa kilo 200 haisubiri katika joto la Agosti, na anayeanza hana wepesi wa kisu wa kushindana na jua.

Msomaji ambaye si raia wa Marekani asinunue wala kuazima bunduki kabla ya kujua sheria ya serikali kuu inasemaje juu ya hali yake. Mwenye ukaazi wa kudumu hana tatizo. Mwenye viza ya muda huzuiwa isipokuwa awe katika mojawapo ya hali zinazokubaliwa, na kuwinda kwa leseni halali ni mojawapo. Asiye na kibali cha kuwapo nchini amekatazwa kabisa. Muulize mwanasheria. Pia beba hati zako, kwa sababu barabara zinazotoka huku, ikiwemo ile ya 70 kati ya Alamogordo na Las Cruces, zina vizuizi vya askari wa mpakani.

Hatua ya pili: kujua ardhi ni ya nani

Hapa ndipo windo hufaulu au huharibika, na kazi hii hufanyika mezani, wiki nyingi kabla ya kuondoka.

Nyika yote huku hufanana: mchanga, vichaka vya jamii ya mathenge vilivyokalia vichuguu vya mchanga, mimea mirefu iitwayo yuka iliyosimama kama watu kwa mbali, na waya wa ng'ombe. Kwa macho huwezi kujua umesimama kwenye ardhi ya nani. Kwenye ramani rasmi, ardhi ya umma iliyo chini ya idara ya serikali kuu iitwayo BLM hupakwa rangi ya manjano, ardhi ya jimbo ni buluu, ya mtu binafsi ni nyeupe, na ya jeshi huwa na rangi yake ya waridi. Manjano unaruhusiwa. Buluu unaruhusiwa ikiwa una leseni na umeifikia kwa barabara ya umma au kupitia ardhi nyingine ya umma. Nyeupe huruhusiwi kukanyaga bila ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi. Ya jeshi usiingie hata hatua moja, kwa kuwa mbali na kosa la jinai, ardhini mna mabaki ya silaha ambayo hayajalipuka. Hifadhi ya taifa ya White Sands, ile ya mchanga mweupe kwenye picha za watalii, hairuhusu uwindaji.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliona kipande kikubwa cha buluu na barabara iliyochorwa vizuri ikipita katikati yake, nikaridhika. Nilifika saa kumi na moja alfajiri, nikakuta lango limefungwa kwa kufuli na minyororo miwili. Barabara ile, kabla ya kufika kwenye buluu, ilipita kama nusu kilomita kwenye ardhi ya mfugaji, na kipande hicho chembamba cha rangi nyeupe sikukiona kwa sababu nilikuwa nimeitazama ramani kwa mbali bila kuikuza. Nikajaribu kuzunguka. Simu haikuwa na mtandao, nami sikuwa nimepakua ramani, kwa hiyo programu ikanionyesha kitone changu katikati ya karatasi tupu. Nilizunguka hadi saa tano, nikachoma nusu ya tangi la mafuta, nikatobolewa tairi na mwiba wa mathenge, na choroa pekee niliowaona walikuwa upande wa pili wa uzio wa jeshi, wamelala.

Tangu siku hiyo nafanya mambo haya bila kuruka hata moja. Natumia onX, programu ya ramani ya simu yenye mipaka ya umiliki wa ardhi, na eneo zima nalipakua kwenye simu nikiwa nyumbani, likiwa limekuzwa kiasi cha kuonyesha kila uzio. Zipo programu za bure. Sizipendi, kwa kuwa nyingine huchelewa kuonyesha ardhi iliyobadilisha mmiliki. Juu ya hiyo nanunua ramani ya karatasi ya BLM, maana simu hufa kwa baridi ya alfajiri na karatasi haifi. Kisha naifuata kwa kidole kila barabara ninayokusudia kupita, kutoka lami hadi ninapoegesha, nikitafuta mahali popote inapogusa rangi nyeupe. Ikigusa, napiga simu ofisi ya kaunti kuuliza kama barabara hiyo ni ya kaunti. Mchoro kwenye ramani si haki ya kupita.

Tahadhari ni nyingi. Lango lisilofungwa kwa kufuli, kwenye ardhi unayoruhusiwa, liache kama ulivyolikuta: kama lilikuwa wazi, liache wazi, maana huenda mfugaji ameliacha ng'ombe wafikie maji. Lililofungwa kwa kufuli si lazima liwe halali, kwani wapo wanaofunga njia za umma, lakini alfajiri ya windo si wakati wa kuanzisha kesi. Chukua picha, ripoti baadaye, nenda kwenye sehemu yako ya pili. Kwa hiyo uwe na sehemu ya pili na ya tatu. Usiendeshe gari nje ya njia iliyopo ukimfuata mnyama, na usifyatue ukiwa barabarani. Yote mawili ni makosa.

La mwisho katika hatua hii ni uzio wa uwanja wa makombora. Mahali pengi ni nyuzi chache tu za waya na vibao vya onyo, na choroa hupita chini yake kama mbuzi. Wawindaji wengi hukaa kando ya uzio huo, hasa upande wa magharibi katika uwanda wa Jornada del Muerto, wakisubiri wanyama watoke. Mimi sikubaliani na mtindo huo kwa anayeanza. Choroa aliyejeruhiwa anaweza kukimbia mbali sana, naye hukimbilia anakopajua. Akivuka, huruhusiwi kumfuata. Utapiga simu kwa askari wa uwanja na kusubiri, na huenda usimpate. Jamaa yangu nilimwekea sharti la kutofyatua tukiwa karibu na uzio chini ya kilomita moja. Alinung'unika sana siku ya kwanza.

Hatua ya tatu: bunduki

Sitaeleza jinsi ya kurekebisha shabaha, kwa kuwa asiyejua hilo asije jangwani kwanza. Bunduki ya .30-06 yenye risasi ya greni 180 (karibu gramu 12) isiyopasuka ovyo inatosha. Wanaokuja na bunduki nzito zaidi mara nyingi huogopa teke lake na kufumba macho. Fanya mazoezi ukiwa umekaa, bunduki ikiwa imeegemea fimbo, kwa sababu vichaka havitakuruhusu kulala chini, na jiwekee kikomo cha mita 250.

Hatua ya nne: gari na kambi

Tairi mbili za akiba, pampu ya upepo, koleo, mbao mbili za kuwekea chini ya tairi, na maji lita 8 kwa mtu kwa siku. Mvua ikinyesha kaa ulipo hadi udongo ukauke. BLM huruhusu kambi hadi siku 14 mahali pamoja. Barabara ya 70 hufungwa wakati mwingine kwa ajili ya majaribio ya makombora, basi uliza ratiba kabla ya kuondoka.

Hatua ya tano: kumtafuta

Tafuta kilima kidogo, panda kabla ya mapambazuko, kaa. Tumia darubini iliyofungwa kwenye miguu mitatu, wala si ya mkononi, kwani mkono hutetemeka na choroa aliye kilomita 3 ni doa tu. Jua likimpiga ubavuni huonekana mweupe kuliko kitu chochote uwandani. Wingu likipita hugeuka kijivu na kupotea. Kumngojea kwenye maji mara nyingi ni kupoteza siku, kwa maana ana uwezo wa kukaa muda mrefu bila kunywa, akitegemea unyevu wa anachokula. Ukimwona, weka alama kwenye ramani, hakikisha amesimama kwenye manjano au buluu, ndipo umsogelee upepo ukikupiga usoni. Macho yake ni makali mno.

Dume na jike wote wana pembe. Za jike huwa nyembamba na mara nyingi ndefu zaidi, za dume ni nene kwenye shina. Kwa kuwa leseni nyingi huruhusu yeyote kati yao, mwanzaji asihangaike na urefu wa pembe.

Hatua ya sita: kufyatua

Nundu ya mabegani humdanganya mtu kulenga juu mno. Moyo na mapafu viko chini na mbele. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, ulenge theluthi moja ya kifua kutoka chini. Mwache mwenye mgongo kwako, mwache pia aliyesimama mbele ya mwenzake. Akianguka, weka risasi nyingine tayari na umkaribie kwa nyuma. Choroa anayekata roho huzungusha pembe kama upanga. Mguse jicho kwa fimbo ndefu uhakikishe amekufa. Jamaa yangu ni Mwislamu, naye alikuwa amemuuliza sheikh wake kabla ya safari, kwa hiyo alisoma bismillahi kabla ya kufyatua. Hilo lipangwe nyumbani, kwani uwandani, moyo unapodunda, ni rahisi kusahau.

Kitambulisho cha mzoga, kinachotolewa pamoja na leseni, kijazwe kabla ya kumsogeza, kama kanuni za mwaka husika zinavyoagiza.

Hatua ya saba: nyama

Ngozi ya shingo na mabega ni nene ajabu, nayo huua makali ya kisu. Beba visu vitatu na kinoo. Mimi simpasui tumbo: namlaza ubavu, nachuna upande wa juu, natoa mkono, paja, nyama ya mgongo na ya shingo, namgeuza, narudia, kisha naingiza mkono nyuma ya mbavu na kutoa sarara. Sehemu hizo zote sheria inakutaka uziondoe; kuziacha porini ni kosa.

Gari haliruhusiwi kumfuata mzoga, kwa hiyo kila kipande kitabebwa mgongoni. Sisi tulikwenda safari nne kila mmoja, umbali wa kilomita 2, na mzigo wa mwisho tuliubeba gizani kwa taa za kichwani. Tumia mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Mfuko wa plastiki huoza nyama hata Januari. Katika sanduku la barafu, nyama ikae juu ya barafu na maji yatolewe kila asubuhi, maana nyama iliyolala majini hupoteza rangi na ladha.

Nyama yenyewe haina shombo na ni laini kuliko ya kongoni. Sarara jamaa yangu aliipika biriani. Mimi ningeichoma kwa chumvi na ndimu tu, nikamwambia hivyo, hatukuelewana.

Hatua ya nane: ripoti

Kila mwenye leseni lazima aripoti mtandaoni matokeo ya windo lake, awe amepata au amekosa. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye kanuni za mwaka husika. Usiporipoti, maombi yako ya msimu unaofuata yatakataliwa hadi utakapolipa ada ya kuchelewa. Jamaa yangu aliripoti usiku uleule, tukiwa bado kwenye kituo cha mafuta Alamogordo, kwa mikono iliyokuwa haijaisha damu.