Kontroli boksi la mtumba kwa Hilux Vigo: soma lebo, usinunue jina la injini

Hilux yangu ni ile Vigo, 3.0 D-4D (dizeli inayoendeshwa na kompyuta), injini 1KD, na niliiua mwenyewe. Asubuhi betri imelala, jirani ana Fuso, tukatoa waya tukabusti, haraka haraka nikasahau kabisa kwamba Fuso inatembelea 24V na Hilux ni 12V. Nikasikia harufu ya kuungua inatoka chini ya dashibodi upande wa abiria, taa zote zikawaka zikazima, na kuanzia hapo stata inapiga vizuri tu ila gari haishiki ng'o.

Nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikasema nataka kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, la 1KD. Muuzaji akanipa, eti mzigo wa Japani, safi, halijawahi kufunguliwa. Nikalipa. Soketi mbili zikaingia nikafurahi, kumbe soketi kuingia si dalili ya chochote, gari haikuwaka na kurudisha ikawa ugomvi maana spea za umeme ukishatoka nazo dukani ni zako. Baadaye ndo nikaelewa: Vigo haikuuzwa Japani kabisa, Hilux ilisimama kule 2004 ikarudi 2017, sasa boksi la 1KD linalotoka Japani litakuwa la Hiace, la Prado au la gari jingine la kule. Injini ileile, boksi jingine.

Sasa twende taratibu, nieleze ningefanyaje kama ningeanza upya.

Kwanza hakikisha boksi ndo limekufa kweli, maana mafundi wengi wakikwama kazi wanasema "kontroli boksi hilo" ili waondokane na wewe. Kama gari yako ni 3L au 5L ya kawaida yenye pampu ya kizamani hapo hakuna kompyuta ya injini, usipoteze hela. Kwenye D-4D anza na fyuzi, relei kubwa inayolipa boksi umeme, na ethi, yaani zile waya zilizofungwa kwenye bodi na injini, zikwangue kutu uzifunge upya. Halafu mashine ya kupimia ikikataa kuongea na gari usikimbilie kulaumu boksi, sensa moja ikipiga shoti inaweza kuvuta ule umeme wa 5V ukashuka na boksi zima likawa kama limekufa. Chomoa soketi za sensa moja baada ya nyingine huku mashine imechomekwa, ikianza kusoma ghafla basi umempata mwizi. Na kuna boksi lingine la aluminiamu lenye mapezi mgongoni, linaitwa EDU, lile ndo linalopeleka umeme mkubwa kwenye nozeli, likifa mara nyingi mashine inatoa kodi ya kosa P0200 na gari haiwaki, wakati kontroli boksi lenyewe ni zima. Namba ya Toyota ya EDU inaanza na 89871 kwa hiyo usichanganye ukiwa dukani. Ukiona P0606, ambayo ni kosa la boksi lenyewe, au boksi lina umeme wote na ethi zote na bado halijibu kitu, hapo sawa, tafuta jingine.

Kulitoa si kazi. Toa terminali ya hasi ya betri, subiri kidogo, fungua kile kisanduku cha makaratasi mbele ya abiria, boksi liko nyuma yake. Kabla hujachomoa soketi piga picha ya kila kitu. La kwangu nilipolifungua kulikuwa na alama nyeusi kama ya mshumaa kwenye kona ya bodi na kitu kidogo cha miguu mitatu kimepasuka katikati, hapo hata fundi hakuhitaji kusema neno.

Sasa lebo. Hii ndo habari yote. Kwenye lebo utaona namba ya Toyota inayoanza na 89661, inafuatiwa na herufi na tarakimu, jumla tano, na chini yake namba ya Denso ambao ndo watengenezaji. Za Hilux hii zinakuja 89661-0K halafu tarakimu au herufi tatu. Ukikuta 89661-26 ujue umeshika la Hiace, na 89661-60 ni ukoo wa Land Cruiser na Prado. Unatafuta namba inayofanana yote mpaka mwisho, sio "inafanana fanana". Hizo tatu za mwisho ndo zinabeba tofauti: gia za mkono au otomatiki, 2KD (injini ya 2.5) yenye intakula, kile kipoza hewa ya turbo, au isiyo nayo, ina immobilaiza (kizuia wizi kinachotambua ufunguo) au haina, mfumo wa moshi wa soko gani. Kama lebo yako imefutika, andika chesisi namba nenda kaunta ya spea ya wakala wa Toyota, wakiingiza kwenye katalogi yao wanakupa namba halisi pamoja na namba mpya zilizoirithi, na hizo zilizorithi nazo unaweza kuzitafuta. Angalia pia chesisi inaanzaje, AHT ni gari ya Afrika Kusini, MR0 ni ya Thailand, na zote mbili zipo tele kwenye barabara zetu, usidhani Vigo zote ni ndugu wa baba mmoja.

Pa kupata: Vigo zilizopata ajali ndo chanzo bora, hasa zile zinazokatwa kwenye magereji ya Ilala na Gerezani, maana unaweza hata kuiona gari lenyewe na ufunguo wake. Pikapu za serikali na mashirika zinazopigwa mnada pia huishia kukatwa. Mzigo wa Sharjah, Uarabuni, unakuja na Vigo za usukani wa kushoto, hapo lebo isome mara mbili. Muuzaji wa mbali mwambie akutumie picha ya lebo na picha ya pini, sio picha ya boksi kwa mbali juu ya mkeka.

Ukilishika mkononi angalia skrubu za kona, zikiwa zimekwaruzwa vichwa basi limeshafunguliwa. Chungulia pini kwa tochi ya simu, ukiona ukijani ujue limenywa maji, liache hata akikupa kwa nusu bei. Litikise, lisilie. Na mapatano yafanyike kabla ya hela: unaweka dhamana, unajaribu, lisipowaka unarudisha. Yeye ataweka alama yake ya rangi ili usimbadilishie, mwache aweke, ni haki yake.

Immobilaiza ndo inawaliza watu. Kama ufunguo wako una chipu, boksi la mtumba linaujua ufunguo wa gari ile iliyokatwa, sio wako, kwa hiyo gari inaweza isiwake kabisa au iwake ikazima hapohapo. Kuna njia mbili nilizoona zinafanya kazi. Ununue seti, yaani kontroli boksi, sehemu ya immobilaiza na ufunguo wake vyote kutoka gari moja. Au fundi anayejua bodi anatoa data kwenye kile kichipu kidogo cha memori cha boksi lako bovu anaihamishia kwenye la mtumba, ndo maana boksi bovu usimwachie muuzaji hata akikuomba eti "la skrepa tu". Mimi nilifanya hii ya pili, ikachukua kama saa moja na nusu, nyingi ikiwa ya kusubiri umeme urudi.

Ikiwaka bado. Nozeli za D-4D nyingi za matoleo ya baadaye zina kodi ndefu ya herufi na namba 30 imechapwa juu ya kila nozeli, na boksi la mtumba limebeba kodi za nozeli za gari ya mtu. Usipoingiza zako gari inagonga kama mawe kwenye debe, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haitulii na moshi unatoka. Safisha vichwa vya nozeli kwa kitambaa na dizeli, piga picha moja moja kuanzia silinda namba 1 mpaka 4, ziingizwe kwa mashine kwa mpangilio huohuo. Ile ya silinda ya tatu kwangu ilisomwa 8 badala ya B, tukazunguka nusu siku tunatafuta kosa kwenye pampu.

Ah na ukienda kuchomelea bodi au tela, chomoa betri na soketi za boksi kwanza. Na waya za kubusti mwombe mwenye gari ndogo.