Mdogo wako akikuuliza asome kozi gani

Ukishafika mwaka wa pili chuoni, wadogo zako waliomaliza kidato cha sita wataanza kukutafuta: "Kaka, nijaze kozi gani?" Usimtajie kozi. Muulize kombi yake, yaani masomo matatu aliyosoma kidato cha tano na sita, na somo analolisoma bila kusukumwa. Kisha fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huo, si ule uliotumia wewe, maana vigezo hubadilika. Halafu mpe daftari zako za mwaka wa kwanza azipekue. Mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anayekimbia hesabu akikuta takwimu zimemtangulia hadi humo kwenye daftari, ndipo huanza kuuliza maswali ya maana. Ya mkopo mwelekeze HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tetesi za bwenini hupotosha.