Umechukua franchaizi Kampala? Peji ya tawi iendeshe hivi

Ukishasaini franchaizi, yaani mkataba wa kuendesha tawi kwa jina la kampuni nyingine, iwe ya kuku, famasi au shule ya watoto, jina lile la kwenye kibao si lako, umelikodi tu, na mtandaoni ni hivyo hivyo. So kabla hujafungua peji ya "tawi la Ntinda" rudi kwenye mkataba, soma pale pa alama ya biashara uone kama unaruhusiwa kuposti mwenyewe au kila kitu lazima kipite makao makuu. Kama hawajaandika, uliza kwa imeli, si kwa simu, ili jibu libaki.

Wakikubali, usimwambie mpwa wako afungue kwa namba yake ati kwa sababu anaijua TikTok. Hapa ndo wengi wanaliwa. Kijana akiacha kazi anaenda na peji, na WhatsApp Business ndo mbaya zaidi manake inakaa kwenye laini, na kama laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake wewe huna chako. Nunua laini ya biashara, isajili wewe, weka pini ya WhatsApp unayoijua wewe. Facebook na Instagram unaweza kumpa stafu ruhusa ya kuposti bila kumpa paswadi. Ila usitegemee mtandao mmoja, Facebook ilifungwa hapa Januari 2021 wakati wa uchaguzi na wenye wateja wote huko wakabaki wanahangaika na VPN, zile app za kuzunguka kizuizi.

Promo ya Nairobi si promo yako, lakini mteja wa Mbarara ataiona tu na atakuja na skrinshoti, kwa hiyo kila ofa andika ni tawi gani, hadi lini, na kwamba stoki ikiisha imeisha.

Sasa malalamiko. Mtu akiandika kuku alikuwa mbichi usifute, wala usimjibu kwa hasira hata kama unahisi ni mshindani wa ng'ambo ya barabara (na saa zingine ni yeye kweli). Jibu mbele ya watu kwa kifupi, "Pole sana nyabo (yaani mama), tutumie inboksi namba ya risiti na saa uliyokuja", mengine yaishie inboksi, na usiahidi kurudisha hela kabla hujaona risiti na kamera. Akisema ameumwa, au mwandishi wa habari akiuliza, hapo si pako tena: piga skrinshoti, tuma makao makuu siku hiyo hiyo, manake neno lako moja linabandikwa kwa matawi yote.

Picha za wateja omba ruhusa kwanza, kuna sheria ya kulinda data za watu ya 2019, na mtoto ruhusa ni ya mzazi. Nyimbo za TikTok chukua zile zilizowekwa kwa ajili ya biashara. Siasa usiguse, hata laiki, si ya njano (NRM) si ya nyekundu (NUP).

Na uliza mapema mkataba ukiisha peji inabaki kwa nani. Mara nyingi ni kwao, na wafuasi wako wote wanabaki huko.