Jinsi ya kugeuza bango la zamani kuwa fonti

Yale mabango ya Marekani ya karne ya 19, ya sarakasi na minada, yalichapwa kwa herufi za mbao, nene kwelikweli, na Darius Wells wa New York ndo alianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1827. Ukitaka kuzifanya fonti, skani bango kwa dpi (nukta kwa inchi) 600 au zaidi, picha ya simu achana nayo maana inapinda kwenye kingo afu utahangaika bure.

Ingiza kwenye Inkscape, programu ya kuchora, tumia Trace Bitmap inayogeuza picha kuwa michoro ya mistari, tenganisha herufi mojamoja. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanasafisha kila kitu mpaka inatoka kama fonti ya barua za ofisini. Acha wino uliovuja pembeni, acha na vidoa vyeupe pale mbao ilipolika, we punguza tu nukta zilizozidi kwenye mistari ya herufi faili lisiwe zito.

Chukua A tatu nne tofauti kwenye bango, Kiswahili tunaitumia sana, sasa ukiandika BARABARA na kidoa ni kilekile mara nne, mtu anaona hapohapo ni kompyuta. Kwenye FontForge, programu ya bure ya kutengeneza fonti, unaziweka kama mbadala na kanuni ya calt, ile inayobadilisha herufi kulingana na zilizo jirani, inazibadilisha yenyewe, kuiandika inachosha kidogo lakini inalipa.

Bango halina W? Unganisha V mbili. Nafasi za herufi panga kwa macho, jaribu AV na NG'OMBE, hiyo alama ya juu huwa inaachwa mbali mno. Ukiridhika toa faili la fonti la OTF.