Usalama wa mchinjaji: angalia mnyama kabla ya kunoa kisu

Ng'ombe wanaoletwa Tanga mjini kwa lori kutoka Handeni na Kilindi hushuka wakiwa na kiu, wamechoka na wana hofu. Ukimfunga papo hapo umejitafutia teke. Mpe maji, mlaze zizini hadi asubuhi. Wakati wa kumwangusha, kamba ipite kwenye pete ya chuma iliyojengewa sakafuni. Usiizungushe kiganjani, maana akivuta atakwenda na kidole.

Kisu kinolewe. Kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye mkono wa kushoto. Kikianguka, kiache kianguke. Damu na mafuta vimwagiwe maji kila baada ya mnyama mmoja, na gambuti ziwe na soli yenye meno.

Majeraha hayo yanaonekana. Magonjwa hayaonekani, ndiyo maana wengi huyadharau. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, asipasuliwe kabisa: huenda ni kimeta, na vijidudu vyake vikipata hewa hujenga gamba na kudumu ardhini miaka mingi. Hapo mwenye mali atalia hasara, atasema tumuwahi kabla hajaoza. Mkatalie, mwite afisa mifugo. Kimeta kikiingia kwenye mchubuko huota kidonda chenye kigaga cheusi ambacho aghalabu hakiumi, basi mtu hukipuuza.

Mvua kubwa zikifuatiwa na mbu wengi, na mifugo ikaanza kutupa mimba ovyo, fikiria Homa ya Bonde la Ufa. Katika mlipuko wa 2006 hadi 2007 iliua watu zaidi ya 100 nchini, na kugusa damu ya mnyama mgonjwa ni njia mojawapo kuu ya kuambukizwa. Vaa glovu, aproni na kinga ya macho. Mwenye kidonda kibichi mkononi apewe kazi nyingine siku hiyo. Plasta peke yake ikilowa hubanduka.

Halafu kuna brusela, inayojificha nyuma ya malaria: homa huja na kuondoka, jasho usiku, viungo vinauma. Unameza dawa mseto, unapata nafuu siku mbili, inarudi. Ukifika zahanati na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie daktari kwamba unafanya kazi machinjioni, na uulize kama unaweza kupimwa brusela.