Kayaki kwa anayeanza: piga kafi na kiwiliwili, mikono iachie kazi nyingine

Wengi wakipanda kayaki (kimtumbwi chembamba cha kupiga kafi) mara ya kwanza wanapiga kafi kwa nguvu za mikono tu, dakika 10 nyingi mabega yanawaka moto na kayaki yenyewe inaenda kama mlevi, mara kushoto mara kulia. Na mimi nilianza hivyo hivyo sicheki mtu.

Kwanza vaa laifu jaketi, hata kama unaogelea kama samaki, na uikaze kiasi kwamba mtu akikunyanyua kwa mabega ya hiyo jaketi isikupande masikioni. Nguo nazo usidanganywe na jua, angalia ubaridi wa maji maana huko ndo unakoweza kuishia. Kama unaweza kuchagua, anza na kayaki ya kukalia juu, ile ya wazi, ukipinduka unadondoka tu pembeni hamna kitu cha kukubana miguu.

Kaa makalio yaende nyuma kabisa, mgongo wima, magoti yakunjwe kidogo na nyayo zipate pa kukanyagia, maana nguvu zinaanzia miguuni. Kafi liweke juu ya kichwa, sogeza mikono mpaka viwiko vikae digrii 90, hapo ndo pa kushika. Upande wa bapa (ile sehemu pana ya kila mwisho wa kafi) uliobonyea ukuangalie wewe na kama bapa lina ukingo mrefu na mfupi basi ule mrefu unakuwa juu. Usilikabe kafi, shika kama umeshika ndege.

Sasa kwenda mbele, hapa ndo penyewe. Unataka kupiga kulia? Zungusha kiwiliwili mpaka bega la kulia liende mbele, chomeka bapa majini usawa wa vidole vya mguu, lizame lote, afu fungua kiwiliwili kirudi huku mguu wa kulia unasukuma. Bapa likifika usawa wa nyonga litoe. Ukiendelea kuvuta mpaka nyuma huko unanyanyua maji tu na kayaki inageuka bure. Mimi kilichonisaidia ni kujifanya viwiko vyangu havikunjiki kabisa, hapo mwili wenyewe unalazimika kuzunguka.

Kugeuka unafagia, yaani bapa linaanzia mbele karibu na miguu, linachora nusu duara pana mpaka karibu na mkia wa kayaki, mikono ikiwa chini. Ukifagia kulia pua inaenda kushoto. Ukifagia kinyume, kutoka nyuma kuja mbele, pua inageukia upande uleule uliofagia ila mwendo unakufa. Kwa hiyo kayaki ikianza kukupeleka kushoto fagia kidogo upande wa kushoto (kutoka mbele kwenda nyuma), mapema, usingoje igeuke nusu nzima ndo uanze kuhangaika, na macho yaangalie kitu cha mbali sio pua ya kayaki. Kusimamisha kayaki ni kupiga kafi za kurudi nyuma fupi fupi kulia, kushoto, kulia, ukipiga moja kubwa utazunguka.

Kupinduka jifunze siku ya kwanza, maji ya kifuani na mtu pembeni. Ukidondoka usiiache kayaki ukaanza kuogelea kwenda ufukweni, ng'ang'ania nayo, inaelea na inaonekana kwa mbali kuliko kichwa chako. Ikiwa imelala kifudifudi igeuze, shika katikati, piga miguu mpaka iwe juu ya maji (ikining'inia chini inakuvuta chini ya kayaki), jirushe kwa tumbo mpaka kitovu kivuke kiti, geuka ukae, ndo uingize miguu. Hizi kayaki za kufunikwa na sketi kiunoni (kitambaa cha kuzuia maji yasiingie ndani) usizijaribu bila mwalimu.

Upepo: anza safari ukiupinga ili kurudi ukusukume, ukichoka una nafuu. Ila ukiwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini, bora ushinde nyumbani, ufukweni maji yanaonekana yametulia kumbe huko mbele unabebwa.

Na wakati wa kushuka kwenye mawimbi usisimame kati ya kayaki na ufukwe, simama upande wa majini, wimbi moja tu linaisukuma ikupige miguu. Paja langu lilikaa na alama wiki nzima.